Chungu cha Kunde Nyekundu cha Atipoka

Siku nilipoingia boma la akina Anafo kama bibi harusi, nilimkuta mama mkwe wangu amepiga magoti kando ya chungu kikubwa, sikio amelibandika kwenye udongo, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Walionisindikiza walikuwa bado wanaimba huko nje. Nilitaka kumwamkia, akainua kidole. Nikasimama na mzigo wangu kichwani, upepo wa jangwani ukipita na vumbi lake jeupe, hata kuta za uani zikaonekana kwa mbali kama vitu vya kukumbuka tu. Hatimaye akainuka, akajipangusa magoti.

"Kimya," akasema. "Hawamo."

"Nani, mama?"

"Wenye meno. Karibu kwako, Lamisi, mke wetu. Tua mzigo."

Jina lake Atipoka. Kwetu Zoko, chini ya majabali, kila mtu alimjua kuwa ndiye mwanamke anayesikiliza vyungu, na wengine walimcheka, lakini kunde zao zikianza kutoka vumbi walimwita. Fukusi wa kunde ni mdogo kama punje ya ufuta. Huja nyumbani akiwa yai juu ya ganda, na mtu hamwoni. Unaweka chungu kimejaa, unakifungua mbele ya safari unakuta matundu na unga. Atipoka alidai kwamba akiwa ndani anasikika. Nami baadaye nilijaribu, nikamsikia: mchakato mwembamba, kama manyunyu ya mvua kwenye nyasi kavu, mvua isiyoloanisha kitu.

Dawa yake alitoka nayo kwa mama yake. Mvua za kwanza zikishaanguka, matunda ya mwarobaini huwa ya manjano, popo na watoto wanayafyonza na kutema kokwa. Yeye alipita akiziokota, akazianika kivulini, maana alisema jua linakausha nguvu yake. Mavuno yakifika alizibangua, akapeta maganda, akatwanga mpaka zikawa donge la kahawia, kisha akalikanda donge hilo huku akilinyunyizia maji ya moto kwa ncha za vidole. Mafuta yalitoka polepole, mazito, machungu hata kuyanusa. Aliyapaka kunde kwa viganja mpaka kila punje ikang'aa. Halafu chunguni: safu ya kunde, safu ya kivumbasi kikavu, kunde, kivumbasi, hadi juu. Mdomo wa chungu aliuziba kwa udongo uliochanganywa na samadi.

Uani kwake kulikuwa na vyungu kadhaa vya namna hiyo, navyo vilifunguliwa, vikaliwa, vikajazwa. Lakini kile cha pembeni, kile nilichomkuta amekikumbatia, hakikuliwa. Ndani yake mlikuwa na kunde nyekundu, na mwenyewe kunde hizo ni mumewe.

Mumewe, Akurigo, alikuwa mdogo wake Mzee Anafo, mwenye boma. Aliondoka mume wangu Azubire akiwa bado anabebwa mgongoni. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na wanaume wengi walikuwa wakienda kusini kwenye mashamba ya kakao mpaka mvua ziwarudishe. Asubuhi ya safari alimkuta Atipoka anapaka kunde mafuta. Akachovya mkono, akazichota, akaziangalia zinavyoteleza vidoleni. Akasema, "Hizi nyekundu usiziuze. Nikirudi nataka nizikute." Akacheka, akamgusa mtoto utosini, akashika njia.

Mvua zikaja bila yeye. Zikaja nyingine. Watu waliorudi walisema wamemwona Kumasi, amevaa viatu. Mwingine akasema ameoa huko. Mwingine akasema amefukiwa na kisima alichokuwa akichimba. Atipoka aliwapa wote maji ya unga wakanywa, akawashukuru kwa habari, akarudi kwenye kazi yake. Aliyapokea maneno hayo kama mtu anavyosikia mvua ikinyesha kijiji cha pili.

Kila mwaka alitoa kunde kidogo katika kile chungu, akazipanda katika kipande chake nyuma ya nyumba, na mavuno yake akayarudisha mlemle. Zile kuukuu alizitoa, tukala. Basi chungu kilikaa miaka na miaka bila kupungua wala kuchakaa. Siku moja nikamwambia, kwa heshima, kwamba hizo za ndani sasa si zile alizoshika baba mkwe.

"Ni zile zile," akanijibu. "Wewe ukizaa katika nyumba hii, mtoto atakuwa mgeni?"

Watani wetu Wadagaaba hawakumwacha. Palikuwa na mmoja, Bayuo, fundi baiskeli, aliyekuja kwetu tangu ujana wake, akasahau kurudi kwao. Alipopita kunywa pombe ya mtama alikuwa akikigonga chungu kwa kidole na kuuliza kama mume ameshaiva. "Nyinyi Wafrafra," alisema, "mnajulikana kwa kula mbwa na kubakiza kichwa. Huyu mama yenu amebakiza mume mzima."

Atipoka alimjibu bila kuinua macho. "Kunywa, mtumwa wetu, uende. Ukichelewa tutakupaka mafuta na wewe, tukuhifadhi. Tatizo ni kwamba fukusi mwenyewe hakutaki."

Huo ulikuwa utani, na utani haumdhuru mtu. Lakini Mzee Anafo hakuwa akitania. Katikati ya boma lilisimama ghala kuu, refu kuliko mtu, la udongo, na kofia yake ya nyasi. Kwetu mwenye boma peke yake ndiye aingiaye humo. Mke hapandi ngazi yake, wala hachungulii. Atipoka aliwahi kumpelekea shemeji yake mafungu ya kivumbasi ayaweke kwenye mtama na kunde za nyumba, naye aliyarudisha kwa mkono wa mtoto. Ghala la baba zake, alisema, halitanuka kama chumba cha mwanamke aliyejifungua. Alikuwa mtu mkavu, lakini hakuwa mbaya. Nadhani aliona haya kwamba ndugu yake alimwachia mke wa kusubiri, na hakujua aiweke wapi haya hiyo.

Mwaka fulani fukusi walizidi. Anafo akaenda sokoni Bolga, akarudi na unga mweupe uliofungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi. Muuzaji alimwambia anyunyize tu, wadudu watakufa siku hiyo hiyo, na kweli walikufa. Alifurahi. Alitoa kunde ghalani kwa fahari, akaziletea nyumba zote bomani, tukazipika kwa chumvi na mafuta ya shea.

Sisi tuliokula kidogo tulitapika na kutetemeka. Binti yangu mdogo alitokwa na mate mdomoni kama mtoto anayeota meno, jasho likamtiririka, macho yakawa mbali. Azubire alimbeba mbio mpaka zahanati, na huko wakampigania, akarudi. Talata, mke mkubwa wa Anafo, alikuwa amekula vizuri, maana alipenda kunde tangu usichana. Yeye hakurudi.

Baada ya mazishi Anafo alichimba shimo mbali na kisima, mwenyewe, akikataa msaada wa wanawe. Akazibeba kunde zote za ghalani akazimwaga humo, na mbegu zikiwemo. Akafukia. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kununua kunde za soko, hata za mbegu. Zikaja siku za kupanda, mawingu yakikusanyika kila alasiri juu ya majabali na kutawanyika, na boma halina mbegu ya kunde, maana vyungu vingine vya Atipoka vilikuwa vimeshaliwa. Kwetu kunde ndizo zinazomshika mtu mkono mpaka mtama uive. Bila hizo, watoto wanalala na maji.

Siku moja asubuhi nilikuwa napepeta uani kwa mama mkwe wangu. Mzee Anafo akaja, akakaa juu ya ukuta mfupi unaotenga uani. Hakuwahi kukaa pale. Alikuwa amekonda. Atipoka akataka kumletea maji ya unga, mzee akamzuia.

"Atipoka."

"Mwenye nyumba."

"Nimekuja kuomba."

Mama aliacha alichokuwa akifanya. Mzee akatazama chungu cha pembeni, kisha akatazama miguu yake.

"Ni za ndugu yako," Atipoka akasema. "Aliniambia anataka azikute."

"Ndugu yangu hayupo."

"Hayupo leo."

Nilishindwa kuondoka, nikashindwa kupepeta. Kanga walikuwa wakikwaruza chini ya ukuta. Ndipo mzee akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Akija, akute chungu, au akute watu?"

Mama aliendelea kukitazama chungu. Alikaa vile mpaka mzee akainuka, akaenda zake, akitembea kama aliyenyimwa. Atipoka alienda kwenye bonde lenye unyevu ambako kivumbasi chake huota, akakaa miongoni mwa mashina ya mwaka jana, nami nilimwona kutoka mbali, ameinamisha kichwa, mikono imelala mapajani na viganja vyake viko wazi. Baadaye aliniambia alikuwa akijaribu kuukumbuka uso wa Akurigo na hakuupata. Aliupata mkono tu, ule unaoteleza na kunde. Alisema aliutazama mkono huo siku nzima.

Jioni kabla ya jua kuzama akaja na jembe dogo, akavunja udongo wa mdomo wa chungu. Harufu ikatoka, ile tamu kali ya kivumbasi na uchungu wa mwarobaini chini yake, ikaenea uani, ikavuka ukuta. Watu walianza kutokea mmoja mmoja bila kuitwa, wakasimama. Kunde zilikuwa nyekundu na nzima kama zimepurwa jana. Atipoka alichota kwa kibuyu, akajaza kikapu baada ya kikapu, akapeleka mpaka mlangoni kwa Anafo. Hakubakiza hata za kipande chake. Nikamkumbusha kwamba mvua bado, na tukipanda zote na mvua isishuke, tumezipoteza zote. Akasema anajua. Chungu akakiosha, akakigeuza kifudifudi, akalala.

Mvua ilishuka. Ilichelewa, ikatutesa, lakini ilishuka, nasi tukapanda kuanzia mlangoni hadi kwenye majabali. Mwaka ule shamba lote la boma lilikuwa la kunde za Akurigo. Asubuhi ukitoka, umande bado umelala, unaona majani yamefunika ardhi na maua yake ya zambarau hafifu yamefumbuka kwa muda mfupi kabla ya jua kuyafunga. Atipoka alitembea ndani yake kila siku bila kazi. Mguu wake ulikuwa mwepesi. Hakuwa na chungu cha kusikiliza, na nilidhani angehuzunika, lakini alikuwa kama mtu aliyetua mzigo akasahau kushusha mikono.

Tulikuwa tunachuma maganda ya kwanza Bayuo alipoonekana barabarani anasukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma ameketi mzee, miguu inaning'inia, fimbo mkononi. Bayuo alianza kupiga kelele kabla hajafika.

"Wafrafra! Nimemwokota mbwa wenu kituo cha malori. Hana meno, haoni, lakini ni wenu. Kichwa chake ni changu, kwa sheria ya utani."

Hakuna aliyecheka, na Bayuo mwenyewe sauti ikamkatika. Anafo ndiye aliyemtambua kwanza. Alitupa kikapu, akamwendea ndugu yake akamshika mabega. Akurigo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aligeuza uso huku na huku kama anayetafuta moto kwa joto lake.

Atipoka alimletea maji ya unga. Akamshikisha kibuyu mikononi, akangoja anywe mpaka mwisho, ndivyo mgeni anavyopokewa. Mume alijua nani amempa, tuliona kwa jinsi alivyoanza kumeza polepole. Baadaye tulisikia habari zake: alikuwa na mke huko, amefariki, watoto wawili, wakubwa, wana mashamba yao, kila mwaka aliona haya ya mwaka uliotangulia, na haya hizo zikarundikana mpaka zikaziba njia. Alipoanza kupofuka aliogopa kufia mahali ambapo hakuna anayejua jina la baba yake. Hayo yalikuja polepole, siku kwa siku. Siku ya kwanza Atipoka aliuliza neno moja tu.

"Umekuja kuzikuta kunde zako?"

"Kunde gani?" Akurigo akasema.

Mama akamwangalia. Sisi tukaangalia chini. Alimweleza, polepole kama anayemsimulia mtoto, asubuhi ile, mafuta, mkono, maneno aliyosema. Akurigo alisikiliza, akatikisa kichwa. Hakukumbuka. Alikuwa amesema tu, pengine, kama msafiri anavyosema maneno mlangoni ili aweze kutoka.

Nilidhani atalia, au atamrushia kile kibuyu. Atipoka akaanza kucheka. Alicheka akaketi chini kwenye vumbi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo, na Akurigo asiyeona akatabasamu kwa hofu, akiuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," akasema. "Kula tu."

Tulimpikia zile mbichi za shambani. Usiku ule na siku zilizofuata Atipoka alimpa chumba kwetu, upande wa mwanawe, na ilipita miezi kabla hajamruhusu kuvuka ukuta wa uani kwake. Nilipomuuliza kama amekasirika alisema hapana. Alisema mwanzoni alikuwa akimwekea Akurigo, lakini hapo katikati, hajui mwaka gani, alianza kuziweka kwa kuwa anajua kuziweka, na kwa kuwa jambo linalofanywa vizuri linampumzisha mtu. "Hilo hakuniachia yeye," alisema. "Basi hawezi kulisahau."

Anafo alifariki baada ya mavuno mawili matatu, kwa amani, na boma likaangukia kwa Akurigo kwa kuwa ndiye aliyebaki wa rika lao. Ghala likawa lake. Alipanda ngazi ya gogo kwa kupapasa, akaingia, akakaa humo gizani mwake asijue aliloshika ni zima au limeliwa. Mtama ulikuwa unatoka vumbi, na watu wakaanza kunong'ona. Akamwita mkewe, mbele ya wazee wote.

"Ingia wewe."

Wazee wakakataa. Akurigo hakugombana nao. Akamwita mpiga ramli, akawauliza mababu, akachinja kanga mweupe mguuni mwa ghala, na kanga akafa chali, ishara ya kwamba wamekubali. Mzee mmoja akanung'unika kwamba kanga wa siku hizi wanakufa chali wote. Lakini hakumzuia.

Atipoka akapanda. Nilishika ngazi. Alitoa kofia ya nyasi, akaweka mguu mmoja ndani, kisha mwingine, akazama. Kwa muda mrefu hatukusikia kitu. Baadaye alinisimulia. Ndani mlikuwa na ubaridi kama chini ya jabali, na kuta zilikuwa laini kwa mikono ya wanaume waliotangulia kuzipapasa, na juu mbingu ilikuwa duara dogo la buluu. Alisimama katika mtama mpaka magotini. Alisahau alikuja kufanya nini. Ilimjia kwamba hivi ndivyo punje inavyoona kutoka ndani ya chungu, na angeweza kulala pale, apakwe mafuta, azibwe, akae mpaka atakapohitajika.

Kisha akazamisha mkono. Upande wa mashariki nafaka ilikuwa baridi. Upande wa magharibi, chini, ilikuwa na uvuguvugu kama ubavu wa ng'ombe.

"Huku kuna homa," sauti yake ikatoka juu, nzito, kama inatoka ardhini. "Leteni vikapu. Na Lamisi, kivumbasi chote."

Tulitoa ile yenye joto, tukaipeta na kuianika, nayo ilikuwa nusu vumbi. Iliyobaki aliipanga kwa safu. Ghala la akina Anafo limenuka hivyo tangu siku ile, na wageni wakipita wanauliza kama nyumba hii kuna aliyejifungua, nasi tunasema ndiyo.

Sasa hivi Atipoka ni mzee sana na masikio yamemchoka, ananituma mimi nisikilize. Kunde nyekundu zimesambaa hadi vijiji vya mpakani, na hakuna anayejua zimetoka kwa nani. Siku za mwarobaini kuanguka, yeye na mumewe hukaa kivulini mwa ukuta kubangua kokwa. Akurigo amejifunza, sasa ni hodari kuliko sisi sote, kwa sababu vidole vyake havihitaji macho, na punje yenye ukungu anaijua kwa kuigusa. Wanabishana. Mume anataka kokwa zianikwe kidogo juani ziwahi, mama anasema jua linaua nguvu yake.

"Nani alikwambia?" Akurigo anauliza.

"Mama yangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Funga mdomo ubangue," anasema Atipoka, na kokwa zinaendelea kudondoka kwenye kibuyu.